Glaida dhidi ya upepo wa mbele: nilipunguza mwendo ili nisishuke, nikaishia shambani

Tiara

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumamosi.

Mimi bado ni mwanafunzi, nimeruka peke yangu mara kumi na moja. Glaida (ndege isiyo na injini) ninayorusha ni ASK 21, ile ya viti viwili yenye mbawa za mita 17. Jumamosi niliachia kamba iliyonivuta juu, nikapata hewa inayopanda karibu juu ya uwanja kabisa. Ilikuwa dhaifu, lakini nikazunguka nayo kwa subira, na muda wote huo upepo ulikuwa unanisogeza. Nilipoinua macho uwanja ulikuwa kilomita 8 mbele yangu, nami nina mita 700 juu ya usawa wake. Upepo wa huko juu niliukadiria km 40 kwa saa, na wakati wa kurudi ulikuwa unanijia usoni.

Nilipiga hesabu kichwani. Kitabu cha ndege kinasema inateleza 34 kwa 1, yaani kila mita moja ya kushuka inanipa mita 34 za mbele. Mita 700 mara 34 ni karibu kilomita 24. Ninahitaji 8. Nikaona nina akiba mara tatu.

Kisha, ili niwe salama zaidi, nikapunguza mwendo hadi km 75. Nilikumbuka darasani kwamba ASK 21 inashuka taratibu kuliko wakati wote ikiwa karibu na km 67, kama mita 0.65 kwa sekunde. Nikawaza: nikishuka polepole, nitafika mbali. Mshale wa vario (kifaa kinachoonyesha unapanda au unashuka kwa kasi gani) ulikuwa unanipa faraja mwanzoni. Baadaye ukaanza kukaa karibu na 1, na uwanja ukawa haukui machoni. Baya zaidi, badala ya kutulia mahali pamoja kwenye kioo, uwanja ulikuwa unapanda juu, juu, kuelekea upeo wa macho. Nikavuta fimbo ya kuongozea kidogo zaidi, pua ikainuka na mwendo ukapungua.

Nilipofika mita 200 nilikuwa bado na kilomita karibu 3. Nikachagua shamba lililokwisha kuvunwa, nikatua. Sikuumia, glaida haina hata mkwaruzo, wenzangu wakaja na trela tukazifungua mbawa. Mwalimu wangu alitazama mahali nilipotua, akatazama upande wa uwanja, akaniambia neno moja: "Ungesukuma fimbo."

Sijamwelewa mpaka leo. Nikisukuma fimbo nashuka haraka zaidi. Nitafikaje mbali zaidi kwa kushuka haraka? Na kama ni kweli, nisukume mpaka wapi?

Wingu_Jeupe

Pole sana ndugu. Mimi naona hukukosea kama unavyodhani. Glaida haijui upepo. Ikiwa hewani ni kama samaki ndani ya mto: maji yanakwenda, samaki anaogelea ndani yake, hahisi chochote. Kwa hiyo mwendo wa kushuka taratibu ni ule ule uwe na upepo au usiwe nao. Na ukikaa hewani muda mrefu unajipa nafasi ya kukutana na hewa nyingine inayopanda. Bahati tu haikuwa yako siku hiyo.

Farumi

Tiara mwanangu, pole kwa msukosuko, na hongera kwa kuchagua shamba ukiwa bado na mita 200. Nimewaona waliong'ang'ania uwanja mpaka mita 50 wakaishia kwenye miti. Uamuzi wako ule ulikuwa wa rubani mzima, usiuache ufunikwe na aibu ya kutofika.

Ndugu Wingu_Jeupe amesema kweli nusu. Samaki hahisi mto, sawa. Lakini uwanja wa Tiara haukuwa ndani ya mto, ulikuwa ukingoni. Anayetaka kufika mahali penye mizizi ardhini lazima ahesabu kwa ardhi.

Kabla ya glaida nilifanya kazi kwenye vyombo vya tanga, na upepo wa namna hii tulikuwa tukiuita upepo wa mbisho. Chombo cha tanga kikikutana na mbisho hukata huku na huku mpaka kifike, kwa sababu kina maji ya kuegemea. Glaida haina pa kuegemea, imezama yote ndani ya upepo wenyewe. Ilicho nacho ni mwinuko tu, na mwinuko unaondoka kila sekunde, utake usitake. Hapo ndipo ulipopotea. Wewe ulihesabu unashuka mita ngapi kwa sekunde. Hukuhesabu utakaa sekunde ngapi.

Nimeichora upya pola ya ASK 21 kwa fomula ya kawaida, nikianza na 34 kwa mwendo wa km 90. (Pola, kwa wasioijua, ni mchoro unaoonyesha kwa kila mwendo glaida inashuka kwa kasi gani.) Namba zangu zitapishana kidogo na za kitabu chako, lakini umbo ni lile lile.

Kwa km 75 unashuka kama mita 0.65 kwa sekunde. Upepo unakula 40, kwa hiyo juu ya ardhi unakwenda km 35 tu. Gawanya, unapata karibu 15 kwa 1. Ile 34 yako imekwisha kupotea zaidi ya nusu. Kwa km 90, mwendo ambao kitabu kinausifu, unashuka 0.74 na ardhini unakwenda 50: unapata karibu 19. Kwa km 110 unashuka karibu mita 1 nzima kwa sekunde, jambo ambalo linaogopesha mwanafunzi, lakini ardhini unakwenda 70, na hesabu inatoa 20. Kwa 120 inabaki 19 na kidogo. Kwa 130 inashuka hadi 18.

Ikae kichwani picha hii: kilima ambacho kileleni ni uwanda, upande wa kulia ni mteremko wa taratibu, na upande wa kushoto ni genge. Kati ya 100 na 120 hupotezi kitu cha kukuliza. Hata ukizidisha mpaka 130, bado unakwenda mbali kuliko ulivyokwenda. Lakini kwa 70 unapata 13 tu. Na kila ulipovuta fimbo ukiuona uwanja unapanda kwenye kioo, ulikuwa unasogea kwenye genge. Mkono wa mtu unataka kuvuta, kwa sababu pua ikiinuka macho yanadhani tumepanda. Mimi nilichukua miaka kuufundisha mkono wangu kinyume chake, na nakuambia hili kwa moyo wote kwa sababu najua mkono wako utakutaka hivyo tena.

Chukua mfano wa mwisho kabisa. Upepo ungekuwa km 75 na wewe unakwenda 75. Ungekaa juu ya mti mmoja mpaka mwinuko uishe, huku vario ikikuonyesha kwamba unashuka vizuri kabisa.

Sasa ile hewa. Umesema mshale ulikaa karibu na 1 wakati mwendo wako ulipaswa kutoa 0.65. Maana yake hewa yenyewe ilikuwa inashuka, tuseme 0.3 kwa wastani. Kilomita 8 kwa km 35 ni karibu dakika 14 ndani ya hewa hiyo. Hewa peke yake ingekutoza mita 247, na glaida 538 zake, jumla 785. Ulikuwa na 700. Hukuwa na njia ya kufika, Tiara, tangu dakika uliyopunguza mwendo. Kwa km 110 safari nzima ni chini ya dakika 7. Hewa inakutoza 123, glaida 400, na unafika uwanjani na mita kama 177. Siyo starehe, mzunguko wa kutua unakuwa mfupi, lakini unatua nyumbani. Ile nusu ya muda ndiyo iliyokuwa na mita zako.

Ninayoitumia mimi hewani, ambako sina karatasi, ni hii: chukua mwendo wa mtelezo bora (ule unaokufikisha mbali zaidi pasipo upepo), ongeza nusu ya upepo wa mbele. Tisini na ishirini, mia na kumi. Hesabu kamili inatoa 105 au 106, lakini kwa kuwa kileleni ni uwanda tofauti hiyo haionekani. Kama hewa inashuka, ongeza tena kidogo.

Na nisikupe matumaini ya uongo: mwendo haukurudishii 34. Upepo wa 40 umekwisha kukuacha na 20, hata ukiruka kwa ustadi wa namna gani. Kusukuma fimbo kunaokoa kilichobaki. Kwa hiyo siku ya upepo mkali uamuzi mkubwa ni ule wa mapema: mpaka wapi niruhusu hewa inayopanda inisogeze kabla sijaiacha na kurudi.

Glaida yangu ya kwanza ilikuwa K 8, mbawa za mbao na kitambaa, kiti kimoja. Ile inateleza 27 kwa mwendo wa km 73 hivi, na kwa jioni tulivu sijapata kukaa kwenye kitu kitamu kama kile. Lakini kwa km 120 inabaki na 17 au 18, wakati ASK 21 kwa mwendo huo huo bado ina 29. Kwenye upepo kama wako bora yake haifiki hata 14. Kwa hiyo nilijizoesha kwenda upande unakotoka upepo kwanza, nikiwa na mwinuko na nguvu, ili wakati wa kurudi niwe nasukumwa. Bado nafanya hivyo hata nikiwa kwenye glaida nzuri.

Kipanga

Mzee Farumi amemaliza suala la upepo. Naomba niongeze upande wa mwendo mkali, maana Tiara ameuliza "nisukume mpaka wapi", na mimi huko ndiko ninakoishi. Narusha Discus, glaida ya kiti kimoja, kwenye mashindano.

Glaida inapambana na ukinzani wa aina mbili. Mmoja ni gharama ya kubebwa: mbawa zinaisukuma hewa chini ili zikuinue, na kadiri unavyokwenda polepole ndivyo zinavyolazimika kuisukuma kwa nguvu, hewa ikizunguka kwenye ncha za mbawa. Ukinzani huo unapungua ukiongeza mwendo. Mwingine ni wa umbo na msuguano wa ngozi ya ndege, na huo unakua kwa mraba: mwendo mara mbili, ukinzani mara nne. Mtelezo bora unapatikana pale viwili hivyo vinapolingana. Ndiyo maana km 90 ya ASK 21 ni mahali maalumu, siyo namba waliyoichagua tu kiwandani.

Ukipita hapo, huu wa pili unatawala peke yake. Kwa fomula ile ile ya mzee, kwa km 150 unabaki na karibu 22, na kwa 180 unabaki na 16, ukishuka zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Kwa hiyo ndiyo, pana mahali ambapo kusukuma kunaanza kukuangamiza, na bila sababu ya upepo au hewa inayoshuka hupaswi kuwa huko.

Sababu nyingine halali ni ile ya Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956. (Ndiye yule yule ambaye baadaye aliunda Gossamer Condor, ndege iliyoendeshwa kwa miguu ya mtu mwaka 1977. Kila ninapofikiria kwamba kichwa kimoja kilishughulikia mambo yote mawili nafurahi.) Yeye aliliweka hivi: kama hewa inayopanda mbele yako ina nguvu, kimbilia, kwa sababu mwinuko utakaopoteza njiani utaupata upya kwa dakika chache. Kama ni dhaifu, nenda taratibu. Aliweka pete ya kuzungusha kwenye uso wa vario. Unaielekeza kwenye nguvu unayoitarajia, na mshale unakuonyesha mwendo wa kukimbia. Siku hizi kompyuta inanisomea, lakini mantiki haijabadilika. Angalia jambo moja tu: katikati ya safari, ukiwa bado utazunguka kwenye hewa inayopanda, upepo hauingii kwenye hesabu hiyo ya mwendo, kwa sababu hata unapozunguka unahama pamoja na hewa. Upepo unaingia pale unapokwenda mahali palipo ardhini, kama mtelezo wa mwisho wa kurudi uwanjani. Kwa hiyo ndugu Wingu_Jeupe naye usimtupe.

Halafu kuna maji. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba tunajaza maji kwenye mbawa ili twende mbali. Uzito hauharibu mtelezo bora. Unauhamisha kwenye mwendo mkubwa zaidi, kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito. Glaida ya kilo 350 ikijazwa mpaka kilo 525 imeongezeka mara 1.5, na kila mwendo kwenye pola yake unazidishwa kwa 1.22. Kama mtelezo wake bora ulikuwa 42 kwa km 95, sasa ni 42 ile ile kwa km 116. Weka upepo wa mbele wa 40: bila maji bora yake ni kama 25 au 26, na maji inakaribia 28 na nusu. Hizo ni karibu mita 280 za ziada za ardhi kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu ya maji matupu.

Farumi

Dada Kipanga, hicho unachokieleza ndicho kilichonipa jina ninalotumia hapa. Farumi ni mzigo unaowekwa tumboni mwa chombo ili kisimame vizuri. Baharini kazi yake ni kutuliza, na nilipoona kwa mara ya kwanza watu wanamimina maji kwenye mbawa nilidhani ni kwa ajili hiyo hiyo. Ilinichukua muda kukubali kwamba huku uzito ndio mafuta yetu.

Ila mwambie Tiara na gharama yake.

Kipanga

Kweli mzee. Maji yanakulipisha unapozunguka. Kasi ndogo kabisa ya kushuka nayo imeongezeka kwa ile ile 1.22, mduara unakuwa mpana, na hewa inayopanda ikiwa nyembamba unajikuta uko nje yake. Hewa ikidhoofika nafungua vali na kuyamwaga. Na lazima niwe nimeyamwaga kabla ya kutua, maana mbawa nzito zinaacha kubeba kwa mwendo mkubwa zaidi, na magurudumu hayakuundwa kupokea uzito wote huo kwenye uwanja wenye mashimo.

Tiara, ASK 21 yako haina matangi hayo, kwa hiyo usihangaike. Lakini jua kwamba siku ulipokuwa na mwalimu nyuma mlikuwa wazito kuliko Jumamosi, na mwendo wenu bora ulikuwa juu kidogo. Peke yako unarusha ndege nyepesi, na nyepesi inaonewa na upepo.

Kuhusu kikomo. Mstari mwekundu kwenye kipima-mwendo cha ASK 21, yaani mwendo usiopaswa kupitwa kamwe, uko km 280. Kabla yake kuna tao la njano, na hilo ni la hewa iliyotulia peke yake. Hewa ikirusharusha unarudi kwenye kijani, kwa sababu msukumo mmoja wa ghafla kwa mwendo ule unaweza kuipa mbawa mzigo ambao haikuandaliwa. Na kama siku moja utapanda juu sana kwenye mawimbi ya hewa ya milima, soma jedwali la mwinuko kwenye kitabu chako kabla hujaondoka. Huko hewa ni nyembamba, kipima-mwendo kinaonyesha kidogo kuliko ukweli. Mita 6,000, mshale ukisema 110 wewe kwa kweli unakwenda karibu 150. Kwa upepo wa mbele hiyo ni zawadi kubwa, ndiyo maana watu wanaweza kusonga mbele dhidi ya pepo kali za huko. Klaus Ohlmann, rubani wa glaida Mjerumani, alipita kilomita 3,000 kwenye milima ya Andes mwaka 2003 ndani ya mawimbi ya aina hiyo. Lakini mtetemo wa mbawa unaojikuza wenyewe mpaka zivunjike hausomi mshale, unasikiliza mwendo wa kweli. Kwa hiyo mstari mwekundu unashuka kadiri unavyopanda.

Jambo dogo la mwisho, nalo nimelilipia: wadudu. Kwenye mwendo mkali glaida za kisasa zinategemea hewa iteleze kwa utulivu juu ya sehemu kubwa ya mbawa. Wadudu waliogandamana kwenye ukingo wa mbele wanaivuruga. Mwaka mmoja nilianza mtelezo wa mwisho nikiwa na akiba ya mita 150 kwenye kompyuta, mbawa zimechafuka, mvua nyepesi ikanikuta juu yake. Akiba yote iliyeyuka kilomita 10 kabla ya uwanja. Nilitua kwenye shamba nikiwa naiona soksi ya upepo.

Mbao_Nyepesi

Samahani kuingilia, mimi narusha glaida ndogo za rimoti kwenye miteremko. Mnayosema kuhusu uzito tunayaona kwa macho. Siku ya upepo mtulivu narusha ile nyepesi. Upepo ukizidi, nyepesi inarudi nyuma juu ya kichwa changu hata pua ikiwa chini, basi nachomeka vipande vya madini ya risasi katikati ya mwili wake, pale pale kwenye kitovu cha uzito, na inaanza kupasua. Wapo wenzetu wanaozungusha glaida za rimoti nyuma ya kilele, zikikata mara kwa mara mpaka wa upepo mkali na hewa iliyotulia, na kila zinapoukata zinavuna mwendo. Mwaka 2021 moja ilipimwa km 882 kwa saa. Bila injini. Zile si nyepesi hata kidogo.

Tiara

Nimesoma yote mara tatu nikiwa na karatasi. Mzee wangu Farumi, asante sana. Sikuwahi kuuona muda kama kitu cha kuhesabu. Nilikuwa natazama vario tu.

Nimeirudia safari yangu kwa namba zenu na inatoka vile vile: 785 dhidi ya 523. Nimeumia kuona kwamba ilikuwa inawezekana, lakini afadhali kujua. Mtelezo wa 19 kwa km 90 ndio ulionishangaza zaidi, maana hata kama ningeushika mwendo wa kitabu bila kuongeza chochote ningekaribia sana ule wa 110.

Swali moja limebaki. Nikifika uwanjani kwa 110, mzunguko wa kutua niufanye kwa mwendo gani? Upepo bado upo.

Farumi

Umeona vizuri kuhusu 90. Anayesahau kanuni yote akumbuke hata hilo: chini ya mtelezo bora usishuke ukiwa na upepo usoni.

Kwa kutua, chukua mwendo wa kawaida wa kukaribia ulioandikwa kwenye kitabu chako, ongeza tena nusu ya upepo wa mbele, sasa upepo wa karibu na ardhi. Hapa sababu si umbali. Upepo unapungua kadiri unavyokaribia chini, kwa sababu ardhi, miti na majengo vinaukwaruza. Ukishuka haraka kutoka penye upepo wa 40 kwenda penye 20, ile 20 inatoweka kwenye kipima-mwendo chako kabla ndege yenyewe haijapata muda wa kuongeza mwendo. Mtu aliyekuja na mwendo mdogo anajikuta mita 15 juu ya ardhi na mbawa zinazoacha kubeba. Kwa hiyo njoo na akiba, funga mzunguko karibu zaidi na uwanja kuliko siku tulivu, na usifungue breki za hewa mpaka uone kwa hakika kwamba uko juu mno. Ukizifungua mapema kwenye upepo, mtelezo unaporomoka na uwanja unaanza tena kupanda kwenye kioo. Dalili hiyo unaijua sasa.

Nami nina swali. Ile km 40 uliipata wapi? Kama uliisoma kwenye soksi ya upepo pale uwanjani kabla ya kuruka, basi huko juu upepo ulikuwa mkali zaidi, na hesabu zetu zote ni za huruma kuliko hali halisi.

Tiara

Hapana mzee, soksi ilikuwa imeinuka nusu tu, ningesema 20. Niliipata kwa kurudi kwenye rekodi ya safari. Nilianza kuzunguka nikiwa juu ya ukingo wa uwanja, nikaacha kuzunguka nikiwa kilomita 8 mbali, na katikati pana dakika 12. Kilomita 8 kwa dakika 12.

Farumi

Ni 40 kamili. Wakati ujao izunguke dakika 6 tu, kisha utazame uwanja uko wapi.